Buti Zangu Kwenye Khitma

Jumapili nilikwenda mtaa wa Lawrence Heights, huku ughaibuni kwenye theluji, kwenye khitma ya kutimiza mwaka ya marehemu rafiki yangu, fundi viatu. Nilivaa buti mpya za ngozi, zilizoshonwa kwa mtindo wa kizamani, za kamba mpaka juu ya kifundo. Nilitaka zionekane, nikasahau kwamba kwenye khitma viatu hubaki mlangoni.

Baada ya dua nikaenda kuzitazama. Hazipo. Nimetembea nchi nyingi na kuibiwa viatu katika tatu, basi nikajiona mtaalamu. Nikarudi sebuleni, nikasimama mbele ya watu wenye sahani za pilau mapajani.

"Jamani, aliyechukua buti zangu azirudishe. Leo si siku ya mambo hayo."

Watu wakaacha kula. Mzee mmoja akaitazama soksi yangu, ambamo kidole gumba kilikuwa kimeshatoka nje.

Mjane akatokea jikoni, mkono mmoja ndani ya buti yangu, mwingine umeshika kitambaa kinachonuka siki.

"Mwizi ni mimi, shemeji," alisema. "Zimejaa chumvi hii wanayomwagia theluji barabarani. Marehemu hakuweza kuona chumvi inakula ngozi akanyamaza, nikaona leo nizisafishe kwa niaba yake. Moja bado. Utasubiri, au niitiwe polisi?"

Nilisubiri. Niliketi, nikaficha kidole chini ya mkeka, nikala pilau bila kuinua macho.

Ukinikuta kwenye theluji hii nimevaa raba, msomaji, usiniulize buti ziko wapi. Ziko kabatini, safi kuliko mwenyewe.