Masale Kwenye Chungu cha Mama

Mimi Salama nauza vitenge hapa Same mjini, na jirani yangu, mlango kwa mlango, ni Devotha, fundi cherehani mwenye wazimu wa maua. Sitanii! Pasi ya mkaa ya zamani kaipandia mimea ya miiba, ua la kutambaa kalining'iniza darini kwa kamba za katani alizosuka mwenyewe, na cherehani bovu kaligeuza meza ya makopo yenye majani. Ukiingia kupimwa gauni unasahau ulichofuata. Mimi humcheka, lakini napenda kukaa mle.

Balaa lililetwa na chungu. Mama yake alipofariki kule milimani Mbaga, Devotha alichukua chungu chake cha makande, akakitoboa kitako maji yapate kutoka, akapanda ua. Dada yake mkubwa, Beatha, aliposikia akakata mguu. "Chungu cha mama, Devotha? Kwa msumari?" Baada ya hapo hata simu hapokei. Devotha akawa anashona huku analia, mpaka nikamwambia ataloanisha nguo za watu.

Mwezi uliopita ua lile likafa. Devotha akapanda masale mle chunguni, yale yenye mistari ya njano, akayaweka mlangoni juu ya kigoda. Rangi tu zilimvutia, masikini. Mpare mzima kasahau kwamba huku kwetu anayekuletea masale anakuomba radhi!

Juzi nani kashuka kutoka mlimani? Beatha, na kanga mkononi, kaja kubeba chungu cha mama yao. Kufika mlangoni akasimama. Akayatazama yale masale.

"Kumbe unaniomba radhi, mdogo wangu."

Devotha akafungua mdomo. Namjua, alitaka kusema ni pambo tu. Nikamkanyaga mguu.

"Shikamoo, dada," akasema. "Nisamehe. Nilitaka nikione kila siku. Nisingeweza kukiweka uvunguni."

"Marahaba." Beatha akainama, akashika jani moja, akalipiga fundo kama yanavyofungwa masale ya radhi. "Hata kufunga umesahau, loh! Nimekusamehe. Kiache hapo hapo."

Jani lile sasa limepinda, limeharibu umbo lote. Jana mteja akashika mkasi amsaidie kulikata. Devotha, ambaye hukata kila jani lililochoka, akamnyang'anya.

"Hilo usiguse!"