Kifungu cha Sita

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoajiriwa kuwa karani na mkalimani wa kamati ya Waafrika katika mji mmoja mdogo wa reli, mwendo wa saa moja hivi kwa gari moshi kutoka Nakuru. Baba yangu alikuja huko kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Kwa hiyo Kiswahili nilikiokota mlangoni na Kiingereza nikakipata misheni, na sikuona haya kusema kwamba hakuna aliyenizidi kwa lugha zote mbili. Hata leo sioni haya.

Siku hizo mji uliendesha kilabu cha pombe cha Waafrika. Faida yake iliingia kwenye mfuko ambao sheria ilisema ni wa manufaa ya mtaa wetu: maji, zahanati, shule. Kamati yetu ilikuwepo kutoa ushauri tu. Mwaka mmoja mabomba yakakauka, akina mama wakawa wanateka maji kule kwenye tangi la reli, na wakati huohuo barabara ya kwenda uwanja wa gofu wa Wazungu ikamwagiwa murram mpya, ule udongo mwekundu wa changarawe. Mkunga wa zahanati yetu, mwanamke pekee katika kamati, akauliza murram ile ilitoka mfuko gani. Jibu lilikuja kwa barua: ilitoka mfuko wa pombe, na sheria haikuvunjwa.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Haikuvunjwa kweli. Iliandikwa vibaya: haikusema ni nani wa kuamua manufaa ni yapi.

Malalamiko yalifika Nairobi, ikaja amri kwamba sheria ndogo za mtaa na za ule mfuko ziandikwe upya na kamati izikubali. Karani mkuu wa mji, Mwingereza mrefu aliyependa mambo yake yaishe kabla ya chakula cha mchana, akanikabidhi rasimu siku ya Jumatano.

"Jumamosi wataisikia na kutia sahihi," akasema. "Itafsiri vizuri."

Niliitafsiri vizuri. Vifungu vya kwanza vilikwenda kama maji. Mpangaji atalipa kodi, muuzaji atachukua leseni, mlevi atatolewa nje. Kila mahali palikuwa na neno "shall", yaani lazima, neno lisilokupa nafasi ya kupumua. Nikafika kifungu cha sita. Kilisema karani mkuu "may", yaani anaweza, kuleta makadirio ya matumizi mbele ya kamati kila mwaka. Nikarudi nyuma, nikahesabu. Sisi tuliandikiwa "shall" toka mwanzo hadi mwisho. Yeye aliandikiwa "may".

Nikaingia ofisini kwake na karatasi mkononi.

"Bwana, hapa nimeandika 'anaweza kuleta makadirio akipenda.' Ndivyo?"

Akatazama. "Hapana, hiyo itawatia wasiwasi bure. Andika 'ataleta'."

"Lakini Kiingereza hakisemi ataleta."

"Ni lugha ya sheria tu. Mimi nitaleta, wewe unanijua."

Nilimjua, na sidhani alikuwa mwizi. Lakini nilijua pia kwamba makarani wakuu huhamishwa. Nikamuuliza, "Kukiwa na kesi, bwana, korti itasoma karatasi ipi?"

"Ya Kiingereza, bila shaka."

"Basi ya Kiswahili lazima iseme hivyohivyo."

Akaisoma tena rasimu. Jambo lenyewe lilikuwa wazi mno. Mwishowe akasema, "Andika unavyotaka. Lakini Jumamosi utalisimamia mwenyewe."

Jumamosi ukumbi wa mtaa ulijaa, karani mkuu naye akiwa ameketi mbele. Nilisoma kifungu kwa kifungu, nao wakaitikia kwa vichwa. Nilipomaliza cha sita, mwenyekiti, ambaye alikuwa fundi wa karakana ya reli, akainua mkono.

"Karani, rudia hapo."

Nikarudia: anaweza kuleta makadirio akipenda.

"Na asipopenda?"

Nikamgeukia karani mkuu, nikamtafsiria swali. Akasema hiyo ni adabu ya sheria, kwamba wenye vyeo hawaamrishwi kwa maneno makali. Nikayatafsiri yote, sikuongeza wala kupunguza.

Mkunga akasimama. "Mimi nikiambiwa naweza kwenda kuzalisha nikipenda, halafu nikae nyumbani, huyo mtoto atangoja?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mwambie bwana tunaipenda sana hiyo adabu," akasema. "Atuandikie na sisi. Mpangaji anaweza kulipa kodi akipenda."

Nilipomaliza kulitafsiri hilo, karani mkuu alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akanigeukia kwa sauti ya chini: "Umewachochea."

"Nimewasomea, bwana."

Hakuna aliyetia sahihi siku hiyo.

Jumatatu aliniita. Nilikwenda nikiwa nimevaa koti langu zuri, kwa sababu kama ni kufukuzwa, nilitaka nifukuzwe nikiwa nadhifu. Akanisukumia rasimu juu ya meza. "Waulize wanataka iandikwe vipi. Uniletee kwa Kiingereza."

Kwa wiki mbili, kila jioni baada ya kazi, mimi, mwenyekiti na mkunga tuliketi chumba cha nyuma cha zahanati. Wao walisema jambo, mimi nikalitafutia maneno yasiyo na mlango wa kutokea. Karani mkuu ataleta makadirio. Hakuna kitakachotumika nje ya makadirio bila kura ya kamati. Hesabu ya mwaka itabandikwa kwenye mlango wa ukumbi kwa Kiswahili. Mkunga alikuwa mkali kuliko mawakili wote niliokuja kukutana nao baadaye. "Hapo ataponyokea," alikuwa akisema, na kweli tukitazama tunaona tundu.

Nairobi walipunguza kidogo. Wakati wa dharura, kama moto au maradhi ya kuambukiza, karani mkuu aliruhusiwa kutumia kwanza na kueleza baadaye. Mengine yote yalipita, na kifungu cha sita kikarudi na "shall" yake. Mimi nililipia. Nafasi ya karani mwandamizi ilipotokea, alipewa mwingine, na hakuna aliyeniambia sababu. Nililiona hilo kuwa bei ya haki na sikuwahi kulijutia.

Makadirio ya kwanza yaliletwa mchana mmoja wa mvua. Karani mkuu alidhani ni kazi ya nusu saa. Kamati ilikwenda mstari kwa mstari. Viti vipya vya ofisi viliondolewa, kitanda cha kujifungulia kikaingizwa, bomba la maji likapata fungu lake kabla ya kitu kingine chochote. Kila mara alipojibu kwa haraka, mkunga alisema, "Pole pole, bwana, tuna siku nzima." Tulitoka pale jioni, vijana wa bendi ya dansi wakiwa wamesimama mlangoni na vyombo vyao wakingoja ukumbi.

Tukashuka ngazi pamoja, mimi na karani mkuu, yeye akifuta miwani yake kwa leso.

"Mwaka ujao," akasema, "nitajitayarisha vizuri zaidi."

"Ndiyo, bwana," nikamwambia. "Na wao pia."