Mume wangu amemgeuza baba yangu kichekesho, na kondoo hataki kutoa

Admin, naomba ufiche jina langu na picha yangu, maana Busia ni ndogo na wanaonijua ni wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili. Nimezaliwa Sikuda, nimeolewa Paya, na nauza viatu vya mitumba hapa mpakani mwa Uganda na Kenya. Maji yamenifika shingoni na sina tena wa kumwambia, kwa sababu kila ninayemwambia anaanza kwa kubana midomo asicheke.

Mume wangu ni mwalimu wa Kiingereza. Pia anatengeneza video za kuchekesha, na mchezo wake ni maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti. Mtu anaingia hotelini kuagiza rice, yaani wali, mdomoni inatoka lice, basi mhudumu anaanza kumtafutia chawa. Ni mcheshi kweli, simnyimi haki yake. Nilimpendea huo huo mdomo.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Kiingereza chake alikiokota kwa madereva wa malori, na ulimi wake wa Kisamia hauna habari na herufi r. Tangu nikiwa mdogo, wakija wageni kanisani, anavua kofia, anaiweka kifuani, anakohoa kidogo, kisha anasema, "Let us play." Anataka kusema pray, yaani tuombe, lakini kinachotoka ni tucheze. Kwetu hakuna aliyewahi kucheka. Tulijua anachomaanisha, tukainamisha vichwa.

Mama alifariki mwaka jana. Wageni walitoka Kenya na Kampala, kwa hiyo baba alisimama kaburini akaomba kwa Kiingereza. Alivua kofia, akakohoa, sauti ikamkatika, akaanza upya. Mume wangu alikuwa kando yangu amenishika mkono, na alilia. Nilimwona kwa macho yangu akilia.

Baadaye akatoa video. Amevaa kofia ya kaki kama ya baba, amesimama kando ya tuta la udongo. Anakohoa vilevile, sauti inakatika palepale ilipomkatika baba, halafu anasema, "Let us play." Watoto wanatokea na mpira, naye mzee anatupa kofia na kuanza kupiga danadana. Busia ilicheka, Tororo ikacheka. Sokoni wenzangu wakaniuliza, "Mzee nacheza namba ngapi?" Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu vyote.

Kwetu mkwe hamtanii baba mkwe, hata kwa bahati mbaya. Akimvunjia heshima analeta kondoo, wazee wanakaa, kondoo anachinjwa na neno linafutwa. Kabla ya hapo mkwe hakanyagi boma lile, na mimi mkewe siruhusiwi kupika wala kula kwa baba yangu mzazi. Shangazi yangu, dada ya baba, alimpigia mume wangu simu kwa upole kabisa: "Mkwe, sisi hapana taka kesi. Leta kondoo tu, hii maneno naisha." Akajibu, akimwita shangazi kwa lugha ya kwetu, "Ndiyo, senge, nimesikia." Muda si muda akatoa video nyingine. Mzee yuleyule wa kofia anamwambia mkwe amletee sheep, naye mkwe anakuja akiburuta meli ya makaratasi kwa kamba, eti alisikia ship.

Nilimwuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Mama watoto, hii ni kazi. Kwani mimi nimetaja jina ya baba yako? Watu nataka mzee, mimi nawapa mzee. Nikipeleka kondoo ni kama nakubali mimi ni mkosaji." Nikasema basi nitamnunua mimi, yeye ampeleke tu. Akakataa. Nikamwomba shangazi anipokee mimi na huyo kondoo, naye akakataa, kwa sababu lazima atoke mkononi mwa aliyekosa.

Jumapili iliyopita nilienda kusali kanisani kwetu, maana ndipo pekee ninapoweza kumwona baba. Mchungaji alimwomba afunge ibada. Akasimama, akavua kofia, akaiweka kifuani. Kabla hajakohoa, mabega ya wanakwaya yalianza kutikisika. Baba aliwatazama, akavaa kofia yake, akaketi.

Nilimfuata nje nikamwambia, "Baba, nisamehe."

Akasema, "Mama, wewe hapana kosa. Lakini sasa mimi naongea na Mungu kwa roho tu. Mdomo nimefunga."

Nimelia tangu siku hiyo. Na mwezi ujao ni ukumbusho wa mama. Shangazi ameshaniambia bila kupindisha: "Kama nakuja na bwana yako, kondoo natangulia. Kama nakuja peke yako, beba na nguo zako." Maana yake nikienda peke yangu nimeachika, na watoto watabaki Paya kwa baba yao. Nisipoenda, mama atakumbukwa bila mimi, na baba atajua nimechagua upande wa wanaomcheka. Mume wangu nampenda, sitadanganya, lakini akifungua mdomo tu namsikia baba akidhihakiwa, na moyo unajifunga. Nimebembeleza, nimegomba, nimenuna, nimepiga magoti. Ananiambia nina hasira za bure na utani siuelewi.

Ndugu zangu, nishaurini. Nifunge nguo zangu niende kwenye ukumbusho wa mama, au nibaki na wanangu? Nitakaloambiwa na wengi nitalifuata, kwa sababu akili yangu imeishia hapa. Na ninyi mlioiona ile video, najua mko wengi humu. Chekeni hukohuko mliko, lakini nawaomba sana, msiniandikie "let us play" kwenye komenti. Baba yangu ana simu, na huwa anasoma.