Balbu ya Vifaranga

Mama Vifaranga, aliyemtimua kicheche kwa kandambili, mlezi wa kuku yatima wa mtaa mzima, hupima balbu kwa shavu, si kwa jicho. Leo dukani aliisogeza shavuni balbu ya kisasa inayowaka, akaguna. "Baridi kama salamu ya mke mwenza!"

"Mama, zile za zamani serikali imezipiga marufuku," muuzaji akasema. "Zinapoteza umeme kwa joto."

"Joto ndilo nilifuatalo, mwanangu! Mwanga wa nini, kuku wausomee gazeti?"

Kikapuni mwake vifaranga walioanguliwa jana walikuwa wamejikunyata. Bila joto hawafiki asubuhi. Muuzaji akainua mikono mitupu. Mama akaukagua unene wa muuzaji, akaridhika, akamkabidhi kikapu.

"Haya, msemaji wa serikali, watie kifuani mpaka waote manyoya. Na usilale kifudifudi."