Onyo Lililotazama Ziwa

Mimi ni mtendaji wa mtaa mmoja wa Ilemela, ambao nyumba zake za juu zimebanana kati ya majabali na za chini zinakaribia maji. Asubuhi ile tahadhari ilinifikia kwa simu kutoka wilayani: mvua kubwa inatarajiwa ukanda wote wa ziwa, wakazi wa kando ya ziwa wachukue hatua. Sikuyatunga maneno hayo. Niliyasoma tu kwa kipaza sauti, na kuyasoma bila kuyafikiri ndilo kosa langu.

Sisi wa huku hatari huitafuta ziwani. Mlimani ni mahali pa kukimbilia.

Chumba cha mwisho kabla ya ufuko kilikuwa cha mama mjane, muuza dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtendaji. Na hicho kipaza sauti, kampeni zimeanza tena?"

"Mvua, mama. Uhame leo."

"Na dagaa zangu zihamishwe na nani? Wewe, na hilo shati jeupe?"

Majirani wakacheka. Nikamwuliza kama ana ndugu mlimani. Akasema mdogo wake amepanga kule juu, chini ya jabali kubwa.

"Nenda huko," nikamwambia. "Huko maji hayafiki."

Nilimbebea gunia la dagaa mwenyewe hadi mlangoni kwa mdogo wake, shati likachafuka, nikajiona mtumishi mwema. Majivuno ya namna hiyo ni hatari, kwa sababu hufanana sana na wajibu.

Mvua ilianza baada ya adhuhuri. Jabali halinywi maji. Yote yaliyoliangukia yaliteremka kwa pamoja na kuingia katika korongo ambalo kiangazi hutumika kama njia ya miguu, nasi tulikuwa tumelizoea kama njia hata tukasahau kuwa ni mkondo. Yakabomoa ukuta wa nyuma wa chumba cha mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa sokoni. Mama alikuwa amejilaza.

Ziwa halikupanda. Chumba chake cha chini kilibaki kimesimama, na kufuli lake mlangoni.

Msibani nilijiandaa kutukanwa. Mdogo wa marehemu alinishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mtendaji, alikutii." Tangu siku hiyo sijasikia lawama nzito kuliko hiyo.

Nilikwenda wilayani kuomba tahadhari itaje pia maji yashukayo milimani, na itaje yatapita wapi. Ofisa akanijibu bila ubaya, "Mzee, sisi tunapokea ya kanda nzima, tunatuma ya kanda nzima." Nikamwambia kwamba watu hawaishi katika kanda, wanaishi katika vyumba. Aliandika ombi langu. Sijui liliishia wapi.

Nikarudi mtaani. Kila mvua iliponyesha, mimi na yule mdogo mtu tulifuata nyayo za maji, tukiweka alama ya rangi nyekundu kwenye mawe yaliyolowa. Sasa tahadhari ikija, naanza kugonga milango iliyo karibu na rangi hiyo.

Yeye alihamia chumba cha chini, cha dada yake. Anapouona mkono wangu umeshika kipaza sauti, hunisimamisha kabla sijafungua mdomo.

"Leo maji yanatoka wapi?"

Mimi humjibu kwanza. Hata nikiwa sijui, humwambia kwamba sijui. Neno ambalo dada yake hakulipata kwangu.