Mawe ya Mama Pascasie

"Kama munataka kumutoa raisi, mumutoe na mawe ya mama zenu. Hayo ni yangu."

Pascasie alisema hivyo katikati ya barabara ya Mabanga, mikono kiunoni, mbele ya vijana waliokuwa wakipanga bariere ya kufunga njia. Uchaguzi ulikuwa umesogezwa tena, na watu wa Goma walikuwa wamechoka kusogezewa. Siku hiyo mji wote ulifungwa: hakuna duka, hakuna moto, zile pikipiki za kubeba watu. Na Pascasie alipokuwa ndani anaosha sufuria, vijana walibeba fungu lake lote la mawe kutoka mbele ya parsele, kiwanja chake.

"Tunaazima tu, mama," akamujibu Gradi, mutoto wa jirani yake Julienne. Huyu kazi yake ni kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. "Ni kwa ajili ya inchi."

"Inchi inalala wapi? Mimi nalala ndani ya maji."

Hakudanganya. Alishuka kutoka milima ya Masisi akikimbia waasi, mutoto mugongoni, sufuria kichwani. Nyumba aliyojenga mutaa wa Mapendo, volkano ikaila. Waasi wengine wakaja, wakaenda, yeye akiuza tu viazi vya Kibumba. Sasa alikuwa na nyumba ya mbao Mabanga, na mvua ikinyesha, maji yanapita chini ya kitanda cha binti yake Igihozo, mwenye mimba kubwa. Kwa hiyo kila akiuza vizuri alinunua mawe ya volkano, machache machache, ili ainue nyumba juu ya musingi kabla mutoto hajazaliwa. "Volkano ilikula nyumba yangu," alizoea kusema. "Sasa ibebe hii."

Alipoona hawarudishi, akakaa juu ya mawe yake, pale pale barabarani.

"Ha, mama naye ameingia maandamano," mumoja akamutania.

"Nyamaza wewe. Nilipiga kura ungali unakojoa kitandani. Huo uchaguzi nautaka. Na mawe yangu pia nayataka."

Mchana polisi wakafika, wakatupa gazi ya machozi. Vijana wakatawanyika. Pascasie akafunika uso na kitenge, akabaki amekaa. Komanda mumoja, mwenye tumbo, akasimama mbele yake.

"Wewe mama ndiwe mukubwa wa bariere?"

"Ndimi mwenye mawe."

"Yatoe barabarani."

"Niliyaleta mimi? Mimi nimeibiwa, komanda. Parsele yangu ni pale, mulango wa bluu. Askari wako wana mikono."

Askari mumoja akainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Komanda alitaka barabara ifunguke upesi, akaamuru. Basi watu wakachungulia kwenye nyufa za mbao, wakaona polisi wakimubebea mama Pascasie mawe. Lakini wakachoka kabla ya nusu. Yaliyobaki wakayatupa ndani ya lori, wakaenda nayo.

Kesho yake alimungoja Gradi njiani.

"Mengine yako wapi?"

"Mama, si polisi waliyachukua?"

"Sikuazimisha polisi."

Gradi akageuza chukudu. Tangu hapo, kila akitoka kwenye machimbo ya mawe na mizigo ya watu, alisimamisha chukudu kwenye mulango wa bluu, na jiwe lake aliloomba huko likashuka. Wenzake waliokimbia siku ile nao wakaanza kuleta, jiwe begani, wakicheka kwamba wanalipa kodi. Pascasie aligeuza kila jiwe. Lenye ufa akalikataa: "Hilo peleka kwa komanda."

Tarehe ya uchaguzi ikatangazwa. Hakuna aliyeiamini kabisa, lakini watu waliitaja sokoni kama jambo linaloweza kutokea. Fundi Habarurema akainua musingi, nyumba ikakaa juu yake, na Igihozo akajifungua musichana.

Asubuhi moja Gradi akaja mikono mitupu.

"Mama, gurudumu limevunjika. Yamebaki tu mawe ya ngazi ya mulangoni. Nivumilie kidogo."

Mvua ilikuwa imenyesha. Pascasie akatazama maji yakizunguka musingi na kutafuta njia yao ya barabarani.

"Ya ngazi ni muchango wangu," akasema. "Kwa uchaguzi wenu."

"Wetu, mama."

"Wetu, basi. Hauna deni tena. Toa viatu, uruke, uingie umuone mutoto."