Mashati Yaliyomaliza Pipa

Sabuni ya kipande ikikaa ndani ya soksi yenye majimaji hutoa harufu ya pekee: sabuni kwanza, kisha pamba kuukuu, kisha, kwa mbali, miguu ya mtu. Nikiikuta harufu hiyo popote hunirudisha shule yetu ya msingi karibu na Kwa Vonza, upande wa Kitui, mwaka wa kiangazi kirefu, mbele ya pipa la buluu lililosimama kwenye kivuli cha darasa la nne. Soksi ilikuwa ya mwalimu mkuu, ya kijivu, imetoboka kisigino. Sabuni ilitiwa humo na soksi ikafungwa kwa kamba kwenye msumari, asije mtoto akaondoka nayo. Uliishika kama anayekama mbuzi, povu likatokea pale kisiginoni, na sisi tuliipenda soksi ile kuliko mpira wa shule.

Pipa tulilijaza wenyewe. Kila Jumatatu darasa moja lilikuwa na zamu, kila mtoto wake akafika na mtungi wa lita tano, na maji hayo yalitoka mchangani. Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mtu huchimba shimo, akakaa ukingoni, akasubiri maji yajikusanye polepole, kisha akayachota kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Mama alitoka na punda kabla hakujapambazuka na kurudi jua likishachoma. Kwa hiyo nyumbani hatukuogaoga ovyo. Tulipangusa uso asubuhi, miguu siku ya kwenda kanisani, na mikono tuliifuta kwenye kaptula au sketi mambo yakaisha. Ndipo kuhara kukaingia shuleni. Mdogo wangu Musyoki, wa darasa la kwanza, alibebwa kwa baiskeli hadi hospitali akiwa amelegea, na aliporudi baada ya siku kadhaa macho yalikuwa yameingia ndani na shingo imekuwa nyembamba. Mama alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, bila kumwondolea macho, na mimi nikamwogopa mama kuliko nilivyouogopa ugonjwa.

Wakati huohuo tulipata mwalimu mpya, Mwalimu Zuhura. Ukoo wake ulitoka pwani, ingawa baba yake alikuwa na duka Kitui mjini, na yeye mwenyewe alikuwa amelelewa Mombasa kwa bibi yake. Kikamba hakukijua hata cha kuombea chumvi. Alivaa mtandio, aliongea Kiswahili laini ambacho sisi tulikijua kwenye vitabu tu, na wiki yake ya kwanza alikwenda msalani kwetu, akarudi, akatutazama tunavyokula githeri, mahindi na maharagwe, kwa mikono, akaelewa kila kitu. Kuanzia siku hiyo pipa, ambalo zamani lilikuwa la kumwagilia miche ya mwalimu mkuu, likawa la mikono. Alitufundisha kwa kikombe kimoja tu cha bati. Maji kidogo ya kulowesha, kisha soksi, kisha kusugua katikati ya vidole na chini ya kucha huku tukihesabu hadi ishirini, kisha maji kidogo ya kusuuza. Alisema baba yake hujitayarisha kwa swala kwa birika moja dogo, mikono, uso na miguu, na bado birika hubaki na maji. Sijawahi kuona mtu mwenye subira kama yake. Mtoto aliyekosea alirudia, aliyekosea tena alirudia tena, na yeye hakukunja uso. Nami nilimpenda kwa namna ya kipumbavu ya mtoto wa darasa la sita, nikajifunga mtandio wa kuazima nyumbani mpaka mama akaniuliza kama naumwa kichwa.

Alinifanya kiranja wa usafi. Kazi yangu ilikuwa kukagua kucha na kuwatafsiria wadogo, maana darasa la kwanza hadi la tatu walisikia Kikamba zaidi. Cheo kilinipanda kichwani upesi. Nilitembea na rula, nikatafsiri hata yasiyohitaji kutafsiriwa, na palipokuwa na neno nisilolijua vizuri nilitia langu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ilikuwa Jumanne, pipa limejaa hadi ukingoni. Upele ulikuwa umeanza kwa wadogo, na Mwalimu Zuhura alitaka wajifunze kunawa mpaka kwapani. Kabla ya kwenda ofisini alikoitwa na mwalimu mkuu, aliniambia, "Mwende, waambie wavue mashati, kisha wanisubiri hapa." Sasa, kwetu f na v haziko mbali. Wazazi wetu husema "vua" wakiwa na maana ya kufua, na Kikamba chenyewe hivyo ndivyo kinavyosema, kuvua ngua ni kufua nguo. Kuondoa shati mwilini tulikuita kutoa shati. Kwa hiyo sikusita hata kidogo. Niliwaambia wadogo hamsini na kitu, kwa sauti ya kiranja, kwamba mwalimu amesema mashati yafuliwe yote, tena vizuri. Walifurahi ajabu. Walichota kwa beseni, kwa mitungi, kwa kofia, wakapigania soksi. Nami nilisimamia nikirekebisha kola zisizotakata.

Mwalimu aliporudi alikuta watoto vifua wazi, mashati yameanikwa juu ya miiba ya ua mzima, na pipa limelazwa ubavu, Musyoki ameingia nusu mwili kutafuta tone la mwisho.

"Mwende," aliniuliza taratibu, "nilikwambia wafanye nini?"

"Wavue mashati, mwalimu."

"Na wamefanya nini?"

"Wamevua."

Alinitazama, akatazama ua, kisha akaketi kwenye jiwe akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Sikuelewa kinachochekesha. Niliposikia maana yake nilitamani kuingia ndani ya pipa nimfuate Musyoki.

Wazazi hawakucheka. Ijumaa waliitwa mkutanoni, na aliyesimama kwanza alikuwa Mzee Nzioka, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mrefu wa maneno machache. "Mwalimu, hii maji inatoka mbali," alisema. "Mama wa hawa watoto wanaamka usiku kuitafuta. Wewe unaifulia nguo siku moja. Basi kuanzia Jumatatu mtoto wangu haleti maji tena." Wengi wakaitikia. Nilikuwa nimeketi chini karibu na mama, Musyoki kwenye mapaja yake, shingo yake ile nyembamba mbele ya macho yangu. Bila maji ya pipa, kila mtoto angerudia kufuta mikono kwenye kaptula, na kuhara kungerudi. Nilijua hivyo. Nilijua pia ni nani angepaswa kusimama. Sikusimama.

Mwalimu Zuhura alisimama. "Kosa ni langu," alisema. "Nimekuja kwenu bila kujifunza lugha yenu, nikatoa amri isiyoeleweka. Mnisamehe." Jina langu hakulitaja, wala hakunitupia jicho. Kisha akaomba kikombe cha maji kutoka kwenye sufuria ya chai iliyokuwa haijabandikwa jikoni. Mbele ya wazazi wote alinawa mikono kwa soksi ile ya mwalimu mkuu, akanawa uso, akavua viatu akanawa miguu hadi vifundoni, bila haraka, kisha akampelekea Mzee Nzioka kikombe achungulie. Maji yalikuwa yamebaki chini, kina cha kidole. "Siombi mitungi," akasema. "Kila mtoto aje na kikombe kimoja tu."

Mzee Nzioka alikichungulia kikombe muda mrefu. "Hii ni mambo ya dini yenu?" akauliza.

"Mzee, kuhara hakuulizi dini."

Ndipo mama yangu, ambaye hakuwa amesema mkutanoni maisha yake yote, akasema kwa Kikamba kwamba watoto wake watakuja na kikombe, na kama kuna mwenye neno amfuate nyumbani. Jumatatu vikombe vilikuja, mia mbili na zaidi, vya bati, vya plastiki, kingine kikopo cha mafuta ya kupikia. Hata mtoto wa Mzee Nzioka alikuwa nacho.

Jioni ya mkutano nilimfuata mwalimu nikilia, nikamwambia mimi ndiye. "Najua," alisema. "Lakini mimi naweza kuhamishwa wakati wowote. Wewe utaishi na watu hawa." Kisha akanifuta pua kwa mtandio wake na kuniomba nimfundishe Kikamba, tuanze na nguo. Alihamishwa mwaka uliofuata, akiwa anaongea Kikamba kibovu kwa majivuno makubwa.

Musyoki sasa ni baba wa watatu huko Kasikeu, ana shingo nene, na watoto wake hunawa kwa kikombe ingawa wana tangi. Mimi naishi Kitui mjini. Bomba liko ndani, sabuni ni ya maji, ina harufu ya maua, na binti yangu huimba wimbo wa kunawa waliofundishwa shuleni huku maji yakikimbia tu. Ananawa vizuri kuliko nilivyonawa mimi, na nashukuru. Ila hufunga bomba baada ya wimbo kwisha, na mimi huwa nimesimama mlangoni nikihesabu vikombe.

Mwaka jana tulimzika Mzee Nzioka. Kwenye matanga watu walikumbushana mambo ya zamani, wakafika kwa yule mwalimu wa pwani aliyemaliza maji ya shule kwa kufua mashati, wakacheka, nami nikacheka nao. Nilirudi nyumbani sina raha. Jambo hilo sijawahi kulisema mbele ya watu, kwa hiyo naliandika hapa, na kama Mwalimu Zuhura bado yuko mahali fulani, na limfikie. Mwalimu alisema wavue. Wafue nilisema mimi.